Fomu Inapobaki Tupu: Utatuzi wa Matatizo katika Uchunguzi wa Nyuki wa Porini na Maua Wanayoyatembelea

Mwongozo huu umekusudiwa wanafunzi wa vyuo vya kilimo na misitu, maafisa ugani na vikundi vya wakulima ambao wameanza, au wanakusudia kuanza, kuandika ni mdudu gani anatembelea ua gani katika mashamba na vichaka vya Afrika Mashariki. Duniani zinajulikana spishi zaidi ya 20,000 za nyuki, na nyingi kati ya hizo hazina mzinga, hazina malkia na hazitoi asali: jike mmoja huchimba tundu lake mwenyewe ardhini, au hutoboa mti mkavu, au huingia ndani ya bua lenye uwazi, akawawekea wanawe akiba ya chavua na mbochi, yaani maji matamu ya maua, na aghalabu hufa kabla hawajatoka. Kwa kuwa uzoefu wa wengi wetu umetokana na nyuki wa asali, tunaingia shambani kwa saa zisizofaa na kwa macho yaliyozoea umbo moja tu, halafu matokeo yanapokuwa ya ajabu tunasema kwamba wachavushaji wametoweka. Wakati mwingine wametoweka kweli, na hilo ni jambo zito. Ndiyo maana inapasa kuondoa kwanza kasoro za uchunguzi wenyewe kabla ya kulitamka.

Dalili: Mmea unazaa vizuri, lakini umekaa kando yake asubuhi nzima bila kumwona mdudu

Jambo la kwanza la kuchunguza ni saa, kwa sababu kila ua lina ratiba yake. Maua ya maboga hufunguka alfajiri na kujikunja kabla ya adhuhuri, hivyo anayefika shambani saa tano hukuta kazi imekwisha. Pasheni ya zambarau hufungua maua yake asubuhi, ilhali pasheni ya njano hufungua karibu na saa sita mchana. Anayezichunguza zote mbili kwa ratiba moja ataandika kwamba moja kati yake haina wageni. Mbuyu hufungua maua jua linapotua, na wageni wake wakubwa ni popo na nondo, ingawa komba nao wameonekana wakilamba mbochi yake.

Mpapai unastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndio unaowapotosha wengi. Mchana nyuki wa asali huonekana kwenye mipapai dume wakikusanya chavua, na mchunguzi huandika jina lao na kuridhika, bila kujiuliza ni kitu gani kitakachompeleka nyuki huyo kwenye ua la jike, ambalo halina chavua hata kidogo. Uchunguzi uliofanywa katika Bonde la Kerio nchini Kenya ulionyesha kwamba papai huko huchavushwa na nondo wakubwa wa familia ya Sphingidae, wenye mrija mrefu wa kunyonyea, ambao huelea hewani mbele ya ua bila kutua na hufika giza linapoanza kuingia, kwa muda mfupi tu. Ulionyesha pia kwamba umbali wa shamba kutoka kwenye vichaka vya asili, pamoja na hali ya vichaka hivyo, huathiri ujio wa nondo hao. Mchunguzi anayefunga daftari saa kumi na moja jioni hawezi kuyajua hayo, hata akirudi kila siku ya msimu.

Tiba yake ni kutenga siku moja ya majaribio kabla ya kuanza kuhesabu. Chagua maua machache, yatie alama ya uzi, kisha yatembelee kila baada ya saa moja kuanzia kabla ya mapambazuko hadi usiku, ukiandika lini yanafunguka, lini vifuko vya chavua vinapasuka, lini stigma, yaani sehemu ya kike ya ua inayopokea chavua, inakuwa na unyevunyevu na ni nani yupo. Usiku tumia tochi iliyofunikwa karatasi laini nyekundu, kwa sababu wadudu wengi hawauoni vizuri mwanga mwekundu. Ratiba ya kudumu ipangwe baada ya siku hiyo, na isinakiliwe kutoka kwenye utafiti wa zao jingine.

Ikiwa saa ni sahihi na bado fomu ni tupu, fikiria udogo wa mdudu. Mkakao, kama ule unaolimwa Kyela, huchavushwa na usubi, ambao wana urefu wa milimita moja hadi tatu na hujiingiza ndani kabisa ya ua dogo lililoota kwenye shina. Mtu aliyesimama hawezi kuwaona, na hana budi kupiga magoti na kutazama kwa lenzi ya mkono. Mchikichi nao ulidhaniwa kwa muda mrefu kuwa unategemea upepo, kumbe kwao Afrika hutembelewa na fukusi wadogo, na fukusi aitwaye *Elaeidobius kamerunicus* alipopelekwa Malaysia kutoka Cameroon mwaka 1981, mashamba ya huko yaliachana na kazi ya kuchavusha kwa mikono. Watu walikuwa wakiitazama michikichi hiyo kila siku.

Sababu nyingine ni nyepesi kuzirekebisha: kivuli chako kimeanguka juu ya maua, umesimama karibu mno, kuna upepo mkali, au wingu zito limetanda juu ya shamba la mlimani. Andika hali ya hewa kwenye kila fomu, hata pale fomu inapokuwa tupu, kwa kuwa fomu tupu isiyo na hali ya hewa haina maana yoyote.

Dalili: Karibu kila mstari umeandikwa "nyuki wa asali"

Inawezekana ni kweli, hasa mahali penye mizinga jirani au mti mmoja mkubwa uliochanua. Andika idadi ya mizinga unayoijua na umbali wake, na usilinganishe shamba lenye mizinga na shamba lisilo nayo bila kulitaja jambo hilo. Vilevile, usifuate bila kufikiri miongozo iliyoandikwa Amerika inayoshauri nyuki wa asali atengwe kwa kuwa ni mgeni. Kule aliletwa na Wazungu. Hapa ni mwenyeji, akiwa na aina yake ya nyika, aina yake ya pwani na aina yake ya milima mirefu, na kumwondoa kwenye hesabu ni kuufuta uhusiano wa kale kati yake na mimea yetu.

Lakini mara nyingi zaidi tatizo liko kwenye macho ya mwandishi, ambaye kila mdudu wa rangi ya kahawia au mwenye mistari humwita nyuki. Nzi wa maua ndio wanaoongoza kwa kuwachanganya watu. Wana mikanda ya njano na nyeusi, huelea hewani bila kusogea, na hunywa mbochi kwa utulivu. Hata hivyo wana mabawa mawili tu, vipapasio vifupi mno, na macho makubwa yanayokaribia kufunika kichwa chote. Nyuki ana mabawa manne, ingawa ya mbele na ya nyuma hushikamana anaporuka, na vipapasio vyake ni virefu na vina kiungo kinachopinda. Njia iliyo bora zaidi shambani ni kutazama mzigo: nyuki jike akiwa kazini hubeba chavua, na mahali anapoibeba hukuambia kundi lake. Nyuki wa asali na nyuki wasiouma huikandamiza ikawa donge kwenye miguu ya nyuma. Nyuki wakata-majani, wa jenasi ya *Megachile*, huibeba kwenye vinyweleo vya chini ya tumbo, na wakiwa juu ya ua huliinua tumbo hilo hata rangi ya chavua ikaonekana wazi ukiwa umbali wa hatua mbili. Wengine wengi huipakaza kavu kwenye vinyweleo virefu vya miguu.

Kosa la upande wa pili ni kuwaandika nyuki kuwa si nyuki. Nyuki wasiouma wa jenasi ya *Hypotrigona* wana urefu wa milimita mbili hadi tatu na ni weusi, hivyo huishia kwenye safu ya nzi, wakati mwingine wakiwa na madonge ya chavua miguuni mbele ya macho ya mwandishi.

Kwa hiyo, fomu ya kwanza isidai majina ya spishi. Weka makundi ambayo mtu aliyefundishwa kwa siku moja anaweza kuyatenganisha kwa uhakika: nyuki wa asali, nyuki wasiouma, nyuki seremala, nyuki wenye mikanda ya buluu, wakata-majani, nyuki wengine wadogo, nyigu, nzi wa maua, nzi wengine, vipepeo, nondo, mbawakawa, sisimizi, ndege. Kundi lililoandikwa kwa uhakika lina thamani kubwa kuliko jina la Kilatini lililobahatishwa.

Dalili: Umeandika spishi mbili ambazo haziachani kamwe

Huenda ni dume na jike. Kwa nyuki seremala aitwaye *Xylocopa caffra*, jike ni mweusi mwenye mikanda miwili ya njano au nyeupe, na dume amefunikwa manyoya ya rangi ya njano inayoelekea kijani mwili mzima. Kamata wote wawili na uwahifadhi pamoja kabla ya kuhesabu upya.

Dalili: Bakuli za rangi zinanasa mno, au hazinasi kitu

Bakuli ndogo za buluu, nyeupe na njano, zilizojazwa maji na tone la sabuni, ni njia nafuu na haitegemei ustadi wa mwenye wavu. Zikishindwa kabisa, kagua sabuni yenye manukato makali, majani marefu yaliyozifunika, maji yaliyokauka kabla ya jioni, na mbuzi au kuku waliokuja kunywa. Chumvi kidogo hupunguza ukaukaji, na bakuli lililoinuliwa juu ya kijiti hadi kimo cha maua huonekana vizuri zaidi. Tumia rangi zote tatu kila mara, kwa kuwa makundi ya wadudu hayavutiwi kwa namna moja.

Tatizo gumu zaidi ni lile la bakuli zinazofanya kazi vizuri na bado zikatoa picha isiyo sahihi. Hunasa kwa wingi nyuki wadogo wa familia ya Halictidae, na hunasa wachache mno kati ya nyuki wa asali na nyuki seremala hata pale wanapovuma kila upande. Zaidi ya hapo, wakati maua ni mengi bakuli hushindana nayo na kupata wadudu wachache, na wakati maua yameadimika wadudu huzikimbilia. Mtu anayelinganisha bakuli za masika na za kiangazi anaweza kuhitimisha kwamba nyuki huongezeka nchi inapokauka. Hesabu maua yaliyochanua katika eneo lile kila unapoweka bakuli, na usizitegemee peke yake: ziambatane na matembezi ya wavu kwenye mstari uliopimwa, kwa mwendo na muda uleule. Kumbuka pia kwamba bakuli halikuambii mdudu alikuwa akienda kwenye ua lipi, na hilo ndilo swali lililokupeleka shambani.

Dalili: Wageni ni wengi, matunda ni machache

Hapa ndipo uchunguzi mwingi hukwama, kwa sababu mgeni wa ua huhesabiwa kuwa mchavushaji wake. Kufika kwenye ua na kulichavusha ni mambo mawili, na tofauti yake huonekana tu kwa kutazama kwa karibu sana.

Chukua biringanya. Vifuko vyake vya chavua havipasuki ubavuni. Vina vitundu vidogo nchani, na chavua haitoki mpaka vitetemeshwe. Nyuki seremala hutua akining'inia, hukumbatia vifuko hivyo kwa miguu, hutuliza mabawa, kisha hutetemesha misuli ya kifua. Sikiliza: mlio mzito wa kuruka hukatika ghafla, na mwingine mkali na mwembamba huanza, ukikatika na kurudi, huku unga wa rangi ya malai ukimwagika kwenye tumbo lake. Nyuki wa asali hawezi kufanya hivyo. Hutambaa juu ya ua, hukwangua kilichobaki na kuondoka. Huko Nguruman, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa kusini mwa Kenya, wachavushaji wa biringanya waliochunguzwa walikuwa *Xylocopa caffra* na nyuki mwingine mdogo zaidi, *Macronomia rufipes*, na wote walihitaji mimea ya asili iliyo jirani, kwa kuwa ua la biringanya halina mbochi na nyuki hawezi kuishi kwa chavua tupu. Shamba lililofyekwa hadi ukingoni linaweza kujaa nyuki wa asali na bado likakosa uchavushaji. Ndugu yake katika tabia hii ni lile ua dogo la zambarau lenye asili ya Usambara na milima jirani, linalouzwa katika vyungu dunia nzima kwa jina la *Saintpaulia*: huko Taita nyuki wa jenasi ya *Amegilla* wameonekana wakilitetemesha kwa namna hiyohiyo. Kwa hiyo ongeza kwenye fomu safu ya mlio na safu ya mahali mdudu alipogusa, yaani vifuko vya chavua, stigma, au pembeni tu.

Chunguza pia wizi. Maua yenye mrija mrefu, hasa yale yanayochavushwa na ndege aina ya chozi, hupasuliwa kwenye kitako na nyuki seremala, ambaye hunywa mbochi bila kupita mlangoni. Nyuki wa asali hufuata baadaye na kutumia tundu lilelile. Chuma maua kumi, yageuze, tazama kitako. Ukiona mpasuko mdogo wenye kingo za kahawia, wageni wako wengi hawajagusa stigma hata mara moja.

Kabla ya kuwalaumu wadudu, thibitisha kwamba upungufu unatokana na chavua. Gawanya maua katika mafungu matatu kwenye mimea ileile: fungu la kwanza liachwe wazi, la pili liachwe wazi na kuongezewa chavua kwa brashi laini kutoka kwenye mmea mwingine, na la tatu lifunikwe kwa shashi tangu likiwa chipukizi. Fungu la pili likizaa zaidi kuliko la kwanza, mmea una njaa ya chavua na wachavushaji hawatoshi. Yakizaa sawa, na yote kidogo, tafuta sababu kwenye maji, rutuba, joto au wadudu waharibifu. Ikiwa la kwanza na la tatu ni sawa, wageni unaowahesabu hawaongezi kitu kwa zao hilo, hata wawe wengi kiasi gani. Katika biringanya tenganisha kwanza maua ambayo shingo inayobeba stigma ni fupi, na stigma yenyewe imejificha chini ya vifuko, kwa kuwa hayo hutunga matunda kwa nadra hata yakihudumiwa vizuri.

Ili kujua ni mgeni yupi anayefanya kazi, funika ua ambalo halijafunguka, lifunue linapofunguka, subiri mdudu mmoja atue mara moja, kisha lifunike tena au kata stigma yake na uhesabu chembe za chavua kwa hadubini. Kazi hii ni ya polepole na inachosha. Naiona kuwa na manufaa makubwa kuliko kurasa nyingi za hesabu za matembezi.

Dalili: Maua yaliyofunikwa yamezaa, au yote yamepukutika

Yakizaa, huenda mmea hujichavusha wenyewe, na hilo ni jibu halali. Lakini kagua kwanza kama shashi iligusa stigma na kupakaza chavua, kama ulifunika baada ya ua kufunguka, na kama thripsi au sisimizi waliingia kwenye fundo. Mafuta mazito yaliyopakwa kwenye kikonyo huwazuia sisimizi. Yakipukutika, huenda mfuko umehifadhi unyevu na ukungu umeshika, hasa wakati wa mvua. Tumia kitambaa chenye matundu makubwa kidogo na weka mifuko ya aina hiyohiyo, iliyoachwa wazi upande mmoja, kwenye maua mengine ili kupima athari ya mfuko wenyewe.

Wapo pia wanaopima kitu kisicho sahihi. Kahawa ya arabika hujichavusha, kwa hiyo ukihesabu punje zilizotunga unaweza kusema kwamba nyuki hawana faida kwake. Katika majaribio yaliyofanywa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, maua yaliyofikiwa na nyuki yalitoa matunda yenye uzito uliozidi kwa takriban asilimia 7. Pima uzito, ukubwa na idadi ya mbegu, pamoja na idadi ya matunda.

Dalili: Chavua kwenye kioo cha hadubini haifanani na ua lolote

Tengeneza kwanza mkusanyo wako wa rejea, kwa kuchukua chavua ya kila mmea uliochanua katika eneo, mimea ya jirani na magugu ikiwemo. Ukikuta chembe kubwa za mviringo zenye tundu moja, fikiria mahindi na nyasi: upepo huzipeperusha kila mahali, na nyuki wa asali huzikusanya kwa makusudi. Kila mdudu akamatwe kwenye chupa yake. Wawili ndani ya chupa moja huchafuana, na matokeo ya wote wawili hayafai tena.

Dalili: Vielelezo vimeharibika, au mtaalamu amevirudisha bila majina

Nyuki aliyetoka kwenye bakuli huwa na manyoya yaliyogandamana, na manyoya ndiyo yanayosomwa. Mwoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, msuuze kwa spiriti, mkaushe kwa upepo mwanana huku ukimchambua kwa brashi, kisha mchome pini upande wa kulia wa kifua ili upande wa kushoto ubaki mzima. Pwani, ukungu huanza ndani ya siku chache. Hifadhi visanduku pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Weka miguu ya meza ndani ya vikopo vya maji, la sivyo sisimizi watabakiza mabawa tu. Ukiona vumbi la kahawia chini ya pini, mbawakawa walao vielelezo wameingia: gandisha sanduku zima kwenye friza kwa wiki mbili, likiwa limefungwa kwenye mfuko.

Vielelezo vinavyorudi bila jina mara nyingi havina hitilafu ya mwili bali ya lebo. Kila pini iwe na karatasi yake yenye nchi, wilaya, kijiji, majira-nukta (latitudo na longitudo), mwinuko, tarehe, jina la aliyekamata na ua alilokamatiwa, kwa penseli au wino usioyeyuka. Kalamu ya kawaida hufutika ndani ya spiriti. Ua lenyewe nalo libanwe na kukaushwa likiwa na majani yake na kupewa namba ileile, kwa sababu jina la kienyeji la mmea hubadilika kutoka bonde moja hadi jingine. Tuma dume na jike kila inapowezekana, pamoja na nakala ya kibali cha utafiti, ambacho hutolewa na tume ya taifa ya sayansi na teknolojia: kwa Tanzania ni COSTECH na kwa Kenya ni NACOSTI. Makumbusho haiwezi kupokea wala kupeleka nje nyuki ambaye hana karatasi hizo.